Kubwa Kuliko Zote, kwa Kipimo cha Nani?

Katika mji mdogo wa Chaudes-Aigues, kusini mwa Cantal, maji hububujika kutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 82 za Selsiasi. Chemchemi hiyo inaitwa Par. Tangu karne ya 14 maji yake yamekuwa yakipitishwa chini ya sakafu za nyumba ili kupasha vyumba joto wakati wa baridi, na wenyeji hawasiti kukuambia kwamba ndiyo chemchemi yenye moto kuliko zote Ulaya. Vipeperushi vya utalii vinasema hivyo hivyo. Lakini kama Aisilandi imo Ulaya, dai hilo halisimami: chemchemi ya Deildartunguhver huko hutoa maji ya nyuzi 97. Mwongozaji anayejua kazi yake atalisema hilo mwenyewe bila kungoja aulizwe. Kisha ataongeza jambo la pili, ambalo kwangu mimi linavutia zaidi: maji haya yanatokea kando ya volkano kubwa, lakini si volkano inayoyachemsha. Ni maji ya mvua yaliyozama kilomita kadhaa katika nyufa za miamba, yakapata joto la kina hicho, yakapanda juu kabla hayajapoa.

Nimeanza na rekodi iliyopinduliwa kwa makusudi. Mashambani Ufaransa, kila palipo na jabali la ajabu pana bango la kusifia: la juu kuliko yote, refu kuliko yote, kongwe kuliko yote. Ukifika na gari, ukasoma bango, ukapiga picha na kuondoka, utayaamini yote. Ukienda kwa miguu pamoja na kundi, nyuma ya mtu aliyeisoma ardhi hiyo, utarudi na swali la maana zaidi, kwamba aliyetoa sifa hiyo alipima nini hasa. Orodha inayofuata ni ya vinara walioulizwa swali hilo. Wengine wamelijibu vizuri.

Matembezi ya namna hii si mtindo wa jana. Chama cha Jiolojia cha Ufaransa kiliundwa mwaka 1830, na tangu mwanzo wanachama wake walikuwa na desturi ya kutoka kwenda kubishania miamba ilipo. Mwaka 1833 walikutana Clermont-Ferrand, katikati ya volkano za Auvergne, wakati ugomvi mkubwa ulikuwa huu: je, mlima wa volkano huinuka kwa sababu ardhi imesukumwa juu kutoka chini, au ni rundo la vitu vilivyorushwa na kumwagika kutoka tumboni mwake? Élie de Beaumont alishika upande wa kwanza, Constant Prévost wa pili. Prévost ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Siku hizi vifaa havijabadilika sana: viatu vinavyoshika mwamba, ramani ya jiolojia, lenzi ndogo ya kuning'iniza shingoni, na kichupa cha asidi hafifu. Tone moja likichemka juu ya jiwe, hilo ni la chokaa. Nyundo nayo hubebwa, lakini katika hifadhi hairuhusiwi kutoka mkobani.

Volkano pana kuliko zote

Cantal ndiyo volkano kubwa kuliko zote Ulaya, na hapa kipimo ni msingi wake: duara la karibu kilomita 70 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, eneo la kilomita za mraba 2,500 hivi. Etna ya Sicily ni ndefu zaidi kwa mbali, inapita mita 3,300, na bado inalipuka. Lakini kwa upana haifui dafu. Tatizo la Cantal ni kwamba mgeni anaweza kukaa ndani yake wiki nzima bila kuiona. Ilianza kulipuka miaka milioni 13 hivi iliyopita, ikajijenga, ikaporomoka ubavuni mara kadhaa kwa maporomoko yaliyosambaza mawe makilomita kwa makilomita, kisha barafu za zama za baridi zikaichonga mabonde yanayotawanyika pande zote kutoka katikati. Kilichobaki ni milima yenye majani, ng'ombe wekundu wa Salers, na kilele cha Plomb du Cantal chenye mita 1,855.

Njia ya kuielewa ni kupanda Puy Mary, mita 1,783. Barabara inafika hadi Pas de Peyrol, kwenye mita 1,589, kwa hiyo kilichobaki ni ngazi na pumzi. Juu pale kundi huzungushwa taratibu, likielekezwa bonde moja baada ya jingine, mpaka mtu anatambua kwamba mabonde yote yanakimbia kutoka mahali pamoja. Waongozaji wa zamani walipenda kusema kwamba volkano hii ilikuwa na urefu wa mita 3,000 au hata 4,000 enzi zake. Wa sasa wanalisema kwa tahadhari, kwa sababu mlima unaoporomoka kila mara huenda haukupata kuwa mrefu kiasi hicho kwa wakati mmoja. Mimi nawapenda wa sasa.

Matembezi mashuhuri kuliko yote

Kaskazini zaidi, juu ya mji wa Clermont-Ferrand, zimejipanga volkano 80 hivi katika mstari wa kilomita 32: Chaîne des Puys. Mrefu wao ni Puy de Dôme, mita 1,465, mwenye umri wa miaka 11,000 hivi. Si mrefu kwa kipimo chochote cha kimataifa. Hata hivyo ndiko yalikofanyika matembezi ambayo, kwa maoni yangu, hayajapata mpinzani.

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer aliupanda mlima huu akiwa na mrija wa kioo, zebaki, na kundi la mashahidi kutoka mjini, mapadri kwa walei. Shemeji yake, Blaise Pascal, ndiye aliyemtuma. Mrija mwingine waliuacha chini katika bustani ya watawa, na mtawa mmoja akauangalia siku nzima aone kama utabadilika. Haukubadilika. Ule wa mlimani ulishuka kwa karibu sentimita 8. Ikawa wazi kwamba hewa ina uzito, na kwamba ukipanda juu unaiacha sehemu yake chini yako. Wakashuka, wakapima tena njiani, zebaki ikapanda kama ilivyotarajiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mlima walioukanyaga ulikuwa volkano.

Hilo lilingoja hadi mwaka 1751. Jean-Étienne Guettard, akisafiri kuelekea kusini, aliona huko Moulins mawe meusi ya ujenzi yaliyomfanya asimame. Aliuliza yanatoka wapi, akayafuata hadi Volvic, akapanda vilele vya karibu na kuona kasoko kwa macho yake. Wenyeji walikuwa wamelichonga jiwe hilo kwa karne nyingi. Kanisa kuu la Clermont-Ferrand lote ni jeusi kwa sababu yake. Fikiria taifa lenye wasomi wa kila aina, linalosoma habari za Vesuvius, halafu halijui kwamba lina volkano themanini nyumbani. Anayetaka kuona tumbo la mmoja wao aende Lemptégy: wachimbaji wa kokoto za volkano waliukata mlima mpaka wakafika kwenye mirija iliyopandisha moto, na leo watu huongozwa kwa miguu ndani ya kidonda hicho.

Safu hii iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, lakini haikuingia peke yake. Iliandikwa pamoja na ufa wa Limagne na mlima wa Serre, na hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapopaswa kusogeza kiti karibu. Limagne ni bonde la ufa. Miaka milioni 35 hivi iliyopita ukoko wa dunia ulianza kuvutwa mashariki na magharibi, ardhi ya katikati ikazama, na mashapo yakajaza shimo hilo kwa unene unaofikia kilomita kadhaa. Ukuta wa ufa huo bado umesimama kama mita 700 juu ya uwanda. Bonde letu la Ufa linaendelea kupanuka hadi leo, lile liliacha. Volkano za Chaîne des Puys zilikuja baadaye sana, pembeni, katika ardhi iliyokwisha kudhoofishwa. Kwa hiyo ukiwa umesimama ukutani Manyara au Naivasha unaona jambo likiwa katikati ya kutendeka, na ukiwa Clermont-Ferrand unaona lilivyokoma. Mwaka huo huo wa 2018, Ngorongoro-Lengai nchini Tanzania ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki ya dunia, ya kwanza kusini mwa Sahara.

Na mlima wa Serre? Huu nautaja kwa sababu ndio somo bora la kutembea nililowahi kulisikia likielezwa. Ni kilima kirefu chembamba kinachoteremka kutoka uwanda wa juu hadi Limagne, na mgongoni mwake pamelazwa lava ngumu. Zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita lava hiyo ilimwagika ikafuata njia rahisi, yaani kitako cha bonde. Ikaganda humo. Kisha mvua na mito vikala ardhi laini ya kando, pande zote mbili, na lava ikabaki kama kifuniko. Kilichokuwa chini kabisa sasa ndicho kiko juu. Mwongozaji huwapitisha watu juu ya kilima bila kusema neno, halafu anawauliza wanatembea wapi. Jibu sahihi ni: ndani ya bonde.

Changa kuliko zote, na kongwe kuliko yote

Volkano changa kuliko zote katika bara la Ufaransa ni Pavin, yenye umri wa miaka 7,000 hivi. Ni ziwa la mviringo lenye kina cha mita 92, lililochimbwa na mlipuko pale moto ulipokutana na maji ya ardhini. Njia inalizunguka kwa saa moja chini ya miti ya kivuli, matembezi mepesi kuliko yote katika orodha hii, lakini kilicho chini si chepesi. Maji yake ya chini, kuanzia mita 60 hivi, hayachanganyiki kamwe na ya juu wala hayana oksijeni. Yamefungiwa humo pamoja na gesi zake. Wakazi wa Goma na Gisenyi hawahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani Ziwa Kivu nalo lina matabaka yasiyochanganyika, kwa ukubwa wa kutisha zaidi.

Neno la kushika hapa ni "bara". Piton de la Fournaise, kwenye kisiwa cha Réunion, hulipuka karibu kila mwaka, na kisiwa hicho ni Ufaransa. Na mashariki mwa Mayotte, kisiwa kingine cha Ufaransa jirani na Wangazija, volkano mpya ilizaliwa sakafuni mwa bahari kuanzia mwaka 2018, ikafikia kimo cha mita 800 hivi kabla hata wanasayansi hawajaiona mwaka uliofuata. Imeitwa Fani Maoré. Hiyo hakuna kundi litakalopanda.

Kuhusu ukongwe, waongozaji wa pwani ya Trégor huko Brittany huwapeleka watu maji yakitoka, wakaguse naisi ya miaka bilioni 2 hivi, miamba mikongwe kuliko yote katika bara la Ufaransa. Watu huigusa kwa heshima. Mtoto wa Mwanza angeweza kuwaambia kwamba itale anazorukia kando ya Ziwa Victoria zina zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Shimo ambalo halipo

Rochechouart, magharibi mwa Limoges, ndipo mahali pa ajabu kuliko pote pa kuongozwa, maana hakuna cha kuona. Miaka milioni 207 hivi iliyopita kimondo chenye kipenyo cha zaidi ya kilomita moja kilipiga hapa na kufungua shimo la zaidi ya kilomita 20. Mvua imelifuta. Leo kuna malisho, vijito na vijiji vya kawaida kabisa. Mwamba uliopondwa na kuyeyushwa na kishindo hicho ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa wa volkano, mpaka miaka ya 1960 François Kraut wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris alipouchunguza chini ya hadubini na kukuta kwatzi yenye makovu ambayo hakuna volkano inayoweza kuyatia.

Kwa hiyo matembezi huko ni ya kutazama kuta. Kasri la Rochechouart limejengwa kwa jiwe hilo, na Warumi walilitumia kwa mabafu yao makubwa ya Chassenon. Mwongozaji anaonyesha vipande vya mawe tofauti, vyeusi, vya kijani na vyekundu, vilivyoganda pamoja ndani ya tofali moja. Kimondo chenyewe hakikubakiza hata kipande, ni alama za kemikali tu. Sisi tunacho Kimondo cha Mbozi, chuma kitupu cha tani zaidi ya 10, ambacho hakuna aliyewahi kuliona shimo lake. Wao wana kishindo bila jiwe, sisi tuna jiwe bila kishindo.

Nyayo ndefu kuliko zote

Mwaka 2009 wanachama wawili wa chama cha wapenda mazingira wa Oyonnax walikuwa wakitembea karibu na kijiji cha Plagne, katika milima ya Jura. Hawakuwa wataalamu wa kulipwa. Walikuwa wakitafuta nyayo za dinosauri, maana zilikwisha kuonekana sehemu nyingine za milima hiyo, na chini ya majani waliona madimbwi ya mawe yaliyojipanga. Wataalamu wakaitwa, wakachimba, na mwaka 2017 wakatangaza hesabu: nyayo 110 mfululizo, njia ya mita 155, iliyopitwa na sauropodi mmoja miaka milioni 150 iliyopita. Wakati huo ilikuwa njia ndefu kuliko zote za sauropodi zilizojulikana duniani, ikiipita kwa mita 8 tu ile ya Galinha nchini Ureno.

Kila unyayo wa mguu una karibu mita moja, na ukihesabu ukingo wa tope lililosukumwa pembeni unafika mita tatu. Mnyama alikadiriwa kuwa na mita 35 na tani 35 hadi 40. Mwendo wake? Kilomita 4 kwa saa. Hilo hufurahisha makundi kuliko jambo lolote, kwa sababu ndio mwendo wao wenyewe, pengine wao wana haraka kidogo. Rekodi yenyewe haikudumu sana: mwaka 2025 wachimbaji wa Oxfordshire nchini Uingereza walitangaza njia inayopita mita 200.

Miaka milioni 150 ni tarehe inayopaswa kugonga kengele Lindi. Ndio umri wa mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, au tuseme ukweli, iliyochimbwa na mamia ya wafanyakazi wa huko chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na kubebwa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandarini. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin kwa kimo cha mita 13.27, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosauri vilivyowahi kusimamishwa. Plagne ina hatua za jamaa zake na haina mfupa.

Ukuta uliojaa kuliko kuta zote

Nje kidogo ya Digne-les-Bains, huko Haute-Provence, barabara inapita chini ya bamba la chokaa nyeusi lililoinamishwa na nguvu zilizoinua milima ya Alps. Juu yake kuna amonaiti zaidi ya 1,500, makombe ya wanyama wa bahari yaliyojikunja kama pembe ya kondoo dume, mengine yakiwa na upana wa sentimita 70. Ni kipande cha sakafu ya bahari ya karibu miaka milioni 200 iliyopita, kilichosimamishwa wima kiasi cha kutosha mtu akakisoma kama ubao. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kila kombe hutoa kivuli chake. Mchana wa saa sita usiende. Bamba zima huwa kijivu kisicho na sura.

Watu wa Digne wana haki ya kujisifu zaidi ya wote niliowataja, na sababu si ukubwa. Hifadhi yao ya jiolojia ilianzishwa mwaka 1984. Huko Digne ndiko lilikotiwa saini, mwaka 1991, tamko la haki za kumbukumbu za Dunia. Mwaka 2000 eneo lao, pamoja na maeneo matatu ya Ugiriki, Ujerumani na Uhispania, liliunda mtandao wa kwanza wa jiopaki, na mtindo huo ndio uliofika mpaka Ngorongoro. Kwa hiyo rekodi yao ni ya kutangulia. Kuchimba visukuku ni marufuku, na iktiosauri wa La Robine, mwenye mita nne na nusu, ameachwa pale pale alipolala, amefunikwa kioo, kwa mwendo wa saa moja hivi kutoka barabarani. Wengi huuliza kwa nini hakupelekwa makumbusho. Ukitembea saa hiyo moja, ukipita juu ya tabaka za tope jeusi alilozikwa ndani yake, swali hilo hulirudii.

Verdon na Pilat, kwa ufupi

Korongo la Verdon lina kina kinachofika mita 700 na wapenzi wake huliita kubwa kuliko yote Ulaya. Korongo la Tara huko Montenegro lina mita 1,300. Lakini njia ya Blanc-Martel inayopita ndani yake, yenye mahandaki ya giza yanayodai tochi, inawakumbuka mwalimu wa kijiji Isidore Blanc na Édouard-Alfred Martel, waliolipenya korongo hilo pamoja na wenzao mwaka 1905, na kwa siku ya kutembea sijui mahali pazuri zaidi pa kuona maji yakikata chokaa.

Pilat, kando ya Atlantiki, ni tuta la mchanga refu kuliko yote Ulaya, na hapa hakuna mpinzani. Kuna tatizo la kipimo tu: kimo chake hupanda na kushuka kati ya mita 100 na 115 hivi, kadiri upepo unavyopenda, na tuta lenyewe husogea kuelekea bara mita kadhaa kwa mwaka, likimeza misonobari. Wataalamu hulipima upya kila mwaka. Ngazi za kupandia huwekwa mwanzo wa msimu na kuondolewa mwisho wake, na wageni wa mwaka unaofuata huanza kupanda kutoka mahali pengine kidogo.